Korneli na Sipriani: Maaskofu Wawili wa Tarehe 16 Septemba

Ndugu zangu, walioandaa kipindi hiki waliniomba nizungumzie watakatifu wanaokumbukwa siku moja, uchaguzi wakaniachia mwenyewe. Ningeweza kuwachukua Petro na Paulo, lakini hao hawahitaji mtu wa kuwatambulisha. Basili na Gregori walikuwa marafiki tangu masomoni, kwa hiyo hakuna kitendawili kwa nini wanakaa pamoja tarehe 2 Januari. Mimi nimewachagua wawili ambao Wakatoliki wengi tumewasikia mara nyingi bila kuwasikiliza. Padre akisoma Sala ya Ekaristi ya kwanza, anafika kwenye ile orodha: Lino, Kleto, Klementi, Sisto, Korneli, Sipriani, Laurenti. Kwa wengi wetu hapo ndipo akili hutoka nje kidogo. Leo tusitoke. Tubaki kwa Korneli na Sipriani.

Korneli alikuwa askofu wa Roma tangu mwaka 251 hadi 253. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, mji uliokuwa kwenye pwani ya nchi inayoitwa leo Tunisia. Korneli alifia uhamishoni mwezi wa Juni. Sipriani alikatwa kichwa mwezi wa Septemba, miaka 5 baadaye, ng'ambo ya bahari. Hawakuuawa pamoja, hawakukaa mji mmoja, hawakuwa ndugu wa damu. Basi nani kawaunganisha, na kwa kitu gani? Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo: kilichowaunganisha ni swali moja gumu waliloulizwa kwa wakati mmoja, nalo ni hili: ndugu aliyeikana imani kwa hofu, akirudi analia mlangoni, tumfanye nini?

Twende mwaka 249. Decius ametwaa ukaisari. Dola imechoka, makaisari wanapinduana, Wagothi wanavuka mto Danube. Decius anaona dawa ni kuituliza miungu ya Roma, hivyo anaagiza kila mkazi wa dola atoe sadaka mbele ya tume ya mahali anapoishi, kisha apewe cheti. Sikilizeni vizuri: kila mkazi. Mchanga mkavu wa Misri umetutunzia zaidi ya vyeti 40 kati ya hivyo, na maneno yake yanakaribia kufanana. Mimi fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, siku zote nimewatolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu nimemimina kinywaji, nimetoa dhabihu, nimeonja nyama yake, naomba mnithibitishie. Kimojawapo ni cha kuhani wa kike aliyemtumikia mungu mamba. Hata yeye, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, alitakiwa awe na karatasi.

Kwa mpagani lilikuwa jambo la usumbufu tu. Kwa Mkristo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Fabiani, askofu wa Roma, alikufa tarehe 20 Januari 250, na kiti chake kikabaki kitupu zaidi ya mwaka mzima. Karthago je? Hapo natamani ningewapa habari za ushujaa mtupu, lakini Sipriani mwenyewe hakutuficha. Anaandika kwamba watu walikimbilia sokoni kutoa sadaka kabla hata hawajakamatwa. Jioni ikaingia, wakuu wa mji wakawaambia rudini kesho, nao wakasihi wasicheleweshwe. Wazazi walikuja na watoto wachanga mikononi. Kanisa lilikuwa limekaa miaka mingi bila msukosuko mkubwa, likanenepa, na lilipotikiswa likamwaga watu wake.

Walioanguka hawakuanguka kwa namna moja. Wapo waliochinja na kula. Wapo waliotupia ubani tu kwenye makaa. Na wapo waliokuwa na fedha, ambao hawakusogelea madhabahu hata hatua moja. Walimlipa ofisa, wakapewa cheti kinachosema wametoa sadaka, wakarudi nyumbani na dhamiri wanayodhani ni safi. Mseme wenyewe: huyu wa mwisho ameikana imani au hakuikana? Maaskofu wa wakati ule walikesha juu ya swali hilo.

(Hapa msikilizaji mmoja aliuliza: "Lakini si Sipriani naye alikimbia?")

Ndiyo. Alikimbia. Nilikuwa naelekea huko, na ni vizuri limesemwa na mmoja wenu kuliko mimi. Sipriani alikuwa mtu mkubwa mjini. Kabla ya ubatizo alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, mwenye mali na bustani zake. Aliongoka karibu mwaka 246 kwa msaada wa padre mmoja mzee, akagawa sehemu kubwa ya mali yake kwa maskini, na ndani ya miaka michache tu, mwaka 248 au 249, akawa askofu. Mapadre 5 hawakumtaka tangu mwanzo, na ninawaelewa kidogo: mtu wa juzi tu ubatizoni, leo ni mkuu wao. Jerome, msomi wa Maandiko wa karne ya 4, anasimulia kwamba kila siku Sipriani alikuwa akimwambia katibu wake, "Nipe mwalimu," akimaanisha maandiko ya Tertullian, yule mwandishi Mkristo wa Karthago, Mwafrika mkali. Kwa hiyo amri ya Decius ilipotoka, umati ukapiga kelele atupwe kwa simba, naye akajificha nje ya mji na kuendelea kuliongoza Kanisa kwa barua.

Mapadre wa Roma, ambao askofu wao amekwisha kufa, waliandika kwa Karthago barua yenye miiba. Waligusia maneno ya Injili juu ya mchungaji mwema na yule wa mshahara anayekimbia akimwona mbwamwitu. Sipriani alijibu kwa namna ambayo kila nikiisoma nacheka. Aliirudisha ile barua kwao, akisema mwandiko wake na karatasi yake vimemtia shaka, basi watazame kama ni yao kweli au kuna mtu ameichezea. Ni namna ya kistaarabu ya kusema: hebu soma tena ulichoandika. Baadaye aliwatumia nakala za barua 13 alizokuwa amewaandikia watu wake kutoka mafichoni, ili waone kwamba kazi haikusimama. Kwamba alifanya sawa au la, kila mmoja ana maoni yake. Mimi naona kuwa kama angebaki, Karthago ingepata shahidi mmoja na ingekosa kichwa katika mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote. Lakini lile neno "alikimbia" lilimfuata, na pengine ndilo linaloeleza jinsi alivyokufa. Tutafika.

Sasa magereza. Ndani walikuwamo Wakristo waliokataa, waliopigwa, waliolazwa njaa, na heshima yao ilikuwa kubwa kuliko ya mapadre. Walioanguka wakawa wanawaendea: niombee, niandikie barua nirudishwe kwenye komunyo. Huruma ya hao mashujaa ni jambo zuri. Shida ilikuja pale walipoanza kuandika barua za jumla: fulani apokewe "pamoja na watu wake." Watu wake wangapi? Wa nyumbani? Wa ukoo? Majirani? Zikaanza kuzunguka kama hundi iliyotiwa saini bila kujazwa kiasi. Sipriani akasema hapana, ngojeni amani irudi, tukutane maaskofu, kila mtu asikilizwe kwa kesi yake. Wale mapadre waliokuwa wakimpinga wakaona nafasi yao imefika. Wakiwa na shemasi mmoja, Felicissimus, wakawapokea wote mara moja, bila toba. Kwa hiyo Karthago ikapasuka upande wa ulegevu.

Roma ikapasuka upande wa pili. Mwezi wa Machi 251, mateso yakiwa yamelegea, walimchagua Korneli, mbele ya maaskofu 16. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa ukimlinganisha na Sipriani. Hakuwa msemaji wala mwandishi mkubwa. Sipriani anasema alipanda ngazi zote za utumishi wa Kanisa moja baada ya nyingine, hakuurukia uaskofu. Nampenda kwa hilo. Aliyetarajia kiti alikuwa Novatianus, padre msomi, mwandishi wa kitabu juu ya Utatu, mtu aliyeandika barua za Kanisa la Roma wakati kiti kiko wazi. Aliposhindwa, aliwapata maaskofu 3 kutoka pembe za Italia wakamwekea mikono. Msimamo wake ulikuwa mwepesi kuueleza: aliyeikana imani asirudishwe kwenye komunyo kamwe, hata kitandani pa mauti. Afanye toba mpaka kufa, amwachie Mungu.

Tunalo jibu la Korneli katika barua aliyomwandikia Fabius, askofu wa Antiokia, iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebius. Niseme ukweli, si barua ya mtakatifu anayejua kwamba atasomwa baada ya miaka 1,700. Ina umbea. Anasema wale maaskofu 3 walilishwa na kuleweshwa, wakamwekea mikono saa kumi wakiwa hawajijui. Anasema Novatianus aliwashika waumini mikono wakati wa komunyo na kuwalazimisha waape kutorudi kwa Korneli. Mnamwona mtu aliyekasirika na aliyeumizwa. Lakini katikati ya hasira hiyo ametuachia hesabu ambayo wanahistoria wanaithamini kama dhahabu. Kanisa la Roma, anasema, lina mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, wasaidizi 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 wanaolishwa. Hiyo 1,500 ndiyo inayonieleza Korneli kuliko maneno yake juu ya Novatianus. Mtu anayelisha watu 1,500 hana anasa ya kuongoza Kanisa la wasafi peke yao.

Kuna jambo la kuchekesha, kama hamtasikia vibaya nikicheka. Novatus, mmoja wa wakorofi wa Karthago waliotaka walioanguka wapokewe bila toba, alivuka bahari kwenda Roma, na huko akamuunga mkono nani? Novatianus, anayetaka wasipokewe kabisa. Ukiona mtu anahama hivyo kutoka ncha moja hadi nyingine, ujue ugomvi haukuwa wa toba tu. Kiti kilikuwa ndani yake.

Na urafiki wa hawa wawili haukuanza vizuri. Habari za uchaguzi zilipofika Afrika, pamoja na malalamiko ya kambi ya pili, Sipriani hakuruka kumtambua Korneli. Alituma maaskofu wawili, Caldonius na Fortunatus, wakachunguze Roma. Wakati huohuo barua nyingine kutoka Afrika zilielekezwa kwa mapadre wa Roma, si kwa askofu wao. Korneli aliudhika, na mimi simlaumu. Ilibidi Sipriani aeleze kwa upole kwamba si dharau, ni tahadhari. Mara tu ukweli ulipojulikana alisimama naye moja kwa moja, na Korneli naye akasimama na Sipriani dhidi ya Felicissimus. Au tuseme, karibu mara zote. Siku moja wale wa Felicissimus walifika Roma wakitisha kusoma barua zao hadharani, Korneli akatetereka, na Sipriani akamwandikia barua ndefu ya kumtia nguvu yenye makali ndani yake: maaskofu wakianza kuogopa vitisho vya waovu, imekwisha habari ya Kanisa. Rafiki wa kukuandikia hivyo ukiwa umekalia kiti cha Roma si wa kawaida.

Lakini waliamua nini juu ya walioanguka? Hili ndilo shina la mhadhara wangu, nivumilieni. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, na baadaye mwaka huo maaskofu 60 wakakutana Roma na Korneli. Walikubaliana kitu kisichomfurahisha yeyote mwenye haraka. Walionunua cheti wachunguzwe mmojammoja, na waliotubu warudishwe. Waliochinja na kula wabaki katika toba ndefu, na wapewe komunyo wanapokaribia kufa. Novatianus akasema huo ni uoza. Felicissimus akasema huo ni ukatili.

Askofu mmoja aliyeitwa Antonianus alisitasita, akavutwa na hoja za Novatianus, na Sipriani akamwandikia. Kama mna muda wa kusoma barua moja tu ya Sipriani, naomba iwe hiyo. Anakiri wazi kwamba mwanzoni yeye mwenyewe alikuwa mkali zaidi, na anaeleza kilichombadilisha. Halafu anafanya kazi ambayo Novatianus hakutaka kuifanya: anawatazama watu. Yupo aliyekimbilia sadaka kwa hiari yake mara ya kwanza kuambiwa, na yupo aliyepambana muda mrefu akafika hapo kwa kulazimishwa. Yupo aliyejitoa yeye, mke, watoto na nyumba nzima, na yupo aliyekwenda peke yake akaubeba uovu huo ili mkewe na watoto wake na wageni waliojificha kwake wasiguswe. Je, hao ni sawa? Kusema dhambi zote zina uzito mmoja, anasema, ni mafundisho ya wanafalsafa wa Kistoa, si ya Kristo. Tena anauliza: utamwambiaje mtu alie, afunge, atoe sadaka kwa maskini, wakati umekwisha kumwambia kwamba mlango hautafunguliwa? Nani atalima shamba aliloambiwa halitazaa?

Muda si mrefu ukaja upepo mwingine. Tauni iliyokuwa ikizunguka dola iliipiga Karthago. Sipriani anaeleza kuhara kusikokoma, kutapika, macho mekundu kama damu, watu kupoteza miguu, kusikia au kuona. Shemasi wake Pontius, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba alikusanya waumini na kuwaambia kuwahudumia Wakristo wenzao tu hakutoshi. Wawatendee mema wapagani pia, wale wale waliokuwa wakiwapigia kelele za simba. Na wavamizi walipowateka Wakristo wa Numidia, jimbo la jirani, Karthago ilichanga sesterti 100,000, fedha za Kirumi, kuwakomboa. Basi tetesi za mateso mapya chini ya Kaisari Gallus zilipoanza, maaskofu 42 walikutana wakalegeza uamuzi wao: wote waliokuwa katika toba ya kweli wapewe komunyo sasa, hata waliochinja. Sababu yao naipenda kwa unyofu wake: tunawapeleka vitani, tutawanyimaje chakula?

Korneli ndiye aliyeitwa kwanza. Alihamishiwa Centumcellae, bandari inayoitwa leo Civitavecchia. Sipriani akamwandikia barua ya furaha, na mwishoni akaomba kitu: tukumbukane, na yeyote kati yetu atakayetangulia kwenda kwa Bwana, upendo wetu uendelee huko, na kuwaombea ndugu kusikome. Mwezi wa Juni 253 Korneli akatangulia. Baadaye mwili wake ulizikwa kwenye makaburi ya Kallisto, kwenye barabara ya Appia. Mwaka 1849 mtafiti Giovanni Battista de Rossi aliona kipande cha marumaru katika shamba la mizabibu, kimeandikwa NELIUS MARTYR. Alimshawishi Papa Pius IX alinunue shamba lile, na mwaka 1852 kaburi likapatikana, na kipande kilichobaki cha jina. Wageni wanaoshuka huko leo wanaona ukutani picha ya kale ya Korneli, na pembeni yake amesimama Sipriani, ambaye hakuzikwa pale. Shikeni habari ya picha hiyo.

Kwa maana sasa tunakuja kwenye sehemu ambayo wahubiri wa tarehe 16 Septemba kwa kawaida huiruka. Mwaka 254 Roma ilimpata askofu Stefano, na yeye na Sipriani waligombana vibaya. Swali lilikuwa: aliyebatizwa na kundi lililojitenga, kwa mfano la Novatianus, akija Kanisani abatizwe upya? Sipriani alisema ndiyo, maana nje ya Kanisa hakuna Roho wa kutoa. Stefano alisema hapana, awekewe mikono tu, kama ilivyopokewa. Tarehe 1 Septemba 256 Sipriani aliwaita maaskofu 87 Karthago, kila mmoja akatoa kauli yake, na kauli zote ziko upande wake. Alifungua kikao kwa kusema hakuna kati yetu anayejifanya askofu wa maaskofu, na kila aliyekuwapo alijua mshale ule umeelekezwa wapi. Kwa mujibu wa Firmilian, askofu wa Kaisarea ya Kapadokia, Stefano alikataa kuwapokea wajumbe wa Afrika na akazuia wasipewe hata malazi. Na baadaye Kanisa lilimpa Stefano haki; mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua hivyo. Yaani mtakatifu wetu, katika jambo kubwa la mafundisho, alikuwa upande ulioshindwa. Augustino alihangaika sana na hilo, kwa sababu Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa huko Afrika, walikuwa wakimtumia Sipriani kama silaha. Jibu lake likawa kwamba Sipriani alikosea juu ya ubatizo lakini hakuuvunja umoja kwa ajili ya maoni yake. Mimi naongeza kwamba mtu mpole kwa walioanguka alikuwa na ukuta mgumu kwa waliojitenga, na sidhani aliwahi kuona mgongano uliopo.

Stefano alikufa Agosti 257. Mwezi huohuo, tarehe 30, chini ya Kaisari Valerianus, Sipriani alisimamishwa mbele ya liwali Aspasius Paternus. Aliulizwa majina ya mapadre wake, akajibu kwamba sheria zenu wenyewe, tena kwa busara, zinakataza wachongezi. Akahamishiwa Curubis, mji mdogo wa pwani. Mwaka uliofuata akaruhusiwa kurudi kwenye bustani zake, na amri mpya ikatoka: maaskofu wauawe. Liwali mpya, Galerius Maximus, alikuwa Utica, mji wa jirani, akatuma askari wamlete huko. Na Sipriani akajificha! Ndugu yangu uliyeuliza, huyu hapa anajificha tena. Ila safari hii aliandika sababu: askofu inafaa amkiri Bwana katika mji anaouongoza, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago, Sipriani akatoka akakaa bustanini akisubiri.

Walimkamata tarehe 13 Septemba 258. Usiku ule watu wakakesha nje ya nyumba alimowekwa, naye, kesho yake akijua kifo kinamngoja, akaagiza wasichana waliokuwa katika umati walindwe. Asubuhi ya tarehe 14 alipelekwa kwa liwali, aliyekuwa mgonjwa. Kumbukumbu za mahakama tunazo.

"Wewe ndiwe Thascius Cyprianus?"

"Ndimi."

"Ndiwe uliyejifanya baba wa hawa watu wenye fikra za kukufuru?"

"Ndimi."

"Makaisari watukufu wameamuru utoe sadaka."

"Sitoi."

"Jifikirie."

"Fanya ulivyoagizwa. Katika jambo la haki namna hii hakuna la kufikiria."

Liwali akashauriana na baraza lake, akasoma hukumu kwa shida: auawe kwa upanga. Sipriani akasema, "Tumshukuru Mungu." Umati ukapaza sauti, "Nasi tukatwe pamoja naye!" Alipofika uwanjani alivua joho lake, akapiga magoti akasali, akavua vazi la ndani akawapa mashemasi, akabaki na kanzu ya kitani. Akaagiza mwenye upanga apewe sarafu 25 za dhahabu. Waumini wakatandaza vitambaa mbele yake. Alijifunga macho mwenyewe. Mikono ilifungwa na padre Julianus na shemasi mdogo wa jina hilohilo. Usiku wakamchukua kwa mishumaa na mienge, na siku chache baadaye liwali naye akafa.

Turudi Roma. Tunayo kalenda ya Kanisa la Roma ya mwaka 354, orodha fupi ya mashahidi na mahali wanapoadhimishwa. Karibu wote ni wa Roma wenyewe. Kutoka Afrika wapo Perpetua na Felisita, na yupo Sipriani, tarehe 14 Septemba, na pembeni imeandikwa kwamba Roma inamwadhimisha kwenye makaburi ya Kallisto. Kwa nini huko? Kwa sababu huko analala Korneli. Mji ule ule ambao askofu wake alikuwa amewafungia mlango wajumbe wa Sipriani, chini ya miaka 100 baadaye unakwenda kumwadhimisha kwenye kaburi la rafiki yake. Mwisho wa karne ya 4 Jerome aliandika kwamba walikufa siku moja, ingawa si mwaka mmoja. Tarehe 14 ilipochukuliwa na sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, wawili hao wakasogezwa hadi 16, na wakasogezwa pamoja. Siku hiyo wanakutana pia na Eufemia wa Kalsedoni, ambaye kanisani mwake maaskofu walifanya mtaguso mkuu wa mwaka 451, na Ludmila wa Bohemia, bibi yake Wenseslao, aliyenyongwa mwaka 921. Hao wana hadithi zao, na kila mmoja anastahili jioni yake.

Afrika haikuhitaji kaburi la Korneli ili kumkumbuka Sipriani. Mwanahistoria Procopius anasema mabaharia waliziita dhoruba za majira yale kwa jina la sikukuu yake. Mwaka 533 majeshi ya Belisarius, jemadari wa Kaisari Justiniano, yalipokaribia Karthago, mapadre wa Kiario, wafuasi wa Ario aliyekana Uungu kamili wa Kristo, waliokuwa wamelishika kanisa lake walikuwa wamekwisha kulisafisha na kutayarisha taa kwa ajili ya sikukuu; walikimbia, na Wakatoliki wakaingia wakaziwasha zilezile.

Najua mtaniuliza wafuasi wa Novatianus waliishia wapi. Hawakuisha upesi. Walikuwa na makanisa yao na maaskofu wao kwa karne kadhaa, na watu wengi wema walikuwa humo; mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliweka kanuni ya kuwapokea mapadre wao wakirudi. Mwanahistoria Socrates anasimulia kwamba Kaisari Konstantino alimwita mmoja wa maaskofu wao, Acesius, akamuuliza: unakubaliana na imani ya Nisea, unakubaliana na tarehe ya Pasaka, basi kwa nini unajitenga? Acesius akamweleza habari za mateso ya Decius na ile kanuni kali, kwamba aliyetenda dhambi ya mauti baada ya ubatizo ahimizwe kutubu, lakini asitegemee ondoleo kutoka kwa mapadre. Konstantino akamjibu: "Basi, Acesius, chukua ngazi upande mbinguni peke yako."

Haya, tuna muda wa maswali. Aanze yule mama wa pale mbele, amenyoosha mkono tangu tulipomtaja Felicissimus.